Siku Mama Magesa Alipokaa Kula

Mama mkwe wangu anaitwa Mbuke, ila Didia nzima inamwita Mama Magesa, na mama huyo hajui kukaa. Sisemi hivyo kumsifu. Watu wa kwetu wakitaka kumsifu mwanamke husema, "Huyo hakai huyo!" Mimi nikiisikia sifa hiyo nachefukwa, kwa sababu nimeishi nayo karibu. Ni magoti yanayovimba. Ni mgongo usionyooka mpaka jua lichomoze. Ni chakula kinacholiwa kwa kusimama jikoni: tonge moja, kuna anayetaka maji, tonge la pili, kuna anayetaka mboga, la tatu linapoa mpaka linaishia kwa kuku.

Sasa nieleze jambo moja mapema, nisije nikaonekana nimechanganyikiwa. Sisi ni Wayahudi. Ndiyo, Wasukuma wa Didia, Wayahudi. Cheka kwanza, ukimaliza nitaendelea.

Baba mkwe wangu, marehemu Benedict, na rafiki yake Sostenes walikuwa waumini wa kanisa moja la Kisabato. Walisoma vitabu vya Musa, wakavisoma tena, wakaanza kuuliza maswali ambayo mchungaji hakuyapenda, mwisho wakatoka. Baadaye wakampata mwalimu kutoka Uganda, ambako wapo Waafrika walioishika dini hii tangu enzi za babu zao. Akaja, akakaa nao, akawafundisha, akaondoka, na mpaka leo tukikwama tunampigia simu. Zilikuwa familia chache tangu mwanzo. Kisha wanaume wenye nguvu wakaanza kukimbilia machimboni Geita, mume wangu Magesa akiwa wa kwanza kufunga mzigo, na zikabaki nyumba mbili tatu za wazee. Mimi nilizaliwa Ushirombo kwa Wakatoliki. Dini hii niliikuta kwa mume, nikazamishwa majini nikaingia, nikajifunza kutowasha moto Jumamosi.

Kutowasha moto Jumamosi maana yake ni kupika Ijumaa kama una msiba. Maharage, wali, ugali, kuku aliyechinjwa na Sostenes kwa kisu chake maalumu, vyote viwe vimeiva kabla jua halijazama, kisha vifukiwe kwenye majivu ya moto vikae mpaka kesho. Na mkate. Mama aliukanda mwenyewe kwa unga wa ngano kutoka Tinde, akauoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Ulitoka umeiva pande zote, umepanda, unanukia mpaka kwa majirani. Ijumaa jioni alikuwa hoi. Jumamosi, siku ya mapumziko, alihudumia.

Kuna sala tunayosema tukimaliza kula mkate, ndefu, ya kumshukuru Mungu kwa chakula. Kila aliyekula anapaswa kuisema, awe mwanamume awe mwanamke. Lakini watu watatu wakikaa wakala pamoja, haianzi hivi hivi. Mmoja anawaalika wenzake kubariki, wanamwitikia, anaomba idhini yao, anaendelea, wanamwitikia tena. Sisi tunauita mwaliko. Na lazima uwe mkate wa ngano. Ugali hauhesabiki, hata ule sufuria zima. Jambo hilo liliwauma sana watu wa Didia, lakini ndivyo Mwalimu alivyofundisha. Alisema wapo walimu wanaosema vingine, ila yeye anashikilia mkate.

Kwetu hao watatu walikuwa wanaume: Benedict, Sostenes, na Mzee Marcel, ambaye masikio yamekwisha lakini meno yapo. Benedict alikuwa na sauti nzito. Alipoalika, Mama aliitikia kutoka mlangoni, kata ya maji mkononi, na uso wake ulilainika. Nilimuona mara nyingi. Halafu Benedict akafa, wakabaki wawili, na mwaliko ukafa pamoja naye. Kila mtu akawa anaguna sala yake kivyake, macho kwenye sahani. Sostenes alihangaika jamani! Kuna wakati alimvuta mpita njia, mzee wa watu anarudi zake kutoka mnadani, akamkalisha, akampa mkate ili watimie watatu. Mzee akala, akashukuru, akaomba na mchuzi. Mwalimu aliposikia alifoka kwenye simu, kwamba asiye wa dini yetu hahesabiki, mpaka Sostenes akaiweka simu mbali na sikio.

Mwaka huu Magesa aliamua mama yake asibaki peke yake Didia. Amepanga nyumba Katoro, huko huko Geita, vyumba viwili, mimi na yeye na vumbi la magari ya mchanga. Akanituma nitangulie nimsaidie Mama kufunga vitu, naye angekuja Jumapili na usafiri kutuchukua. Kabla ya Jumapili hiyo zilikuwa zimebaki Sabato mbili. Katoro hakuna hata mtu mmoja wa dini yetu. Magesa mwenyewe, akiwa shimoni, anakula atakachopewa saa yoyote, na ukimkumbusha Sabato anakuambia, "Mungu wa Mama ananijua."

Siku ya pili baada ya kufika, nikiwa nafunga vyungu kwa matambara, Mama aliniambia kitu. Hakuwa mtu wa kuomba, kwa hiyo nilisimamisha mikono.

"Rebeka, ningependa niusikie mwaliko kabla sijaondoka."

"Wa nani tena, mama? Wanaume wako wawili."

"Najua. Ila kule niendako sitausikia tena mpaka nizikwe. Nikibariki peke yangu naona kama nimekula kwa kujificha."

Moyo uliniuma, na nilipoumia nikakasirika, ndivyo nilivyo. Nikachukua simu nikampigia Mwalimu hapo hapo, bila kumuuliza Sostenes wala mtu. Nikamwambia: Mwalimu, shikamoo, sisi wanawake tupo watatu, Mama Magesa, mimi, na Agatha mke wa Sostenes. Wanaume wawili na mwanamke mmoja hawafanyi watatu?

"Hawachanganywi," akasema.

"Haya. Na wanawake watatu wenyewe?"

Nikasikia anafunua kitabu.

"Wanawake watatu wakila pamoja wanaweza kualikana wao kwa wao. Hawalazimiki, lakini wakitaka wanaweza. Hilo limeandikwa tangu kale."

"Tangu kale!" Nilipiga kelele mpaka Mama akashtuka. "Sasa miaka yote hiyo mbona hukutuambia?"

"Hamkuuliza, mama. Nilidhani mnafanya." Kisha akaongeza, "Lakini sikiliza vizuri. Muwe mmekaa. Muanze pamoja, mle mkate pamoja, kila mmoja angalau kipande cha ukubwa wa nusu yai. Siyo huyu amekula jikoni, yule amekula akiosha vyombo. Hao hawakula pamoja."

Nikamwangalia Mama. Alikuwa amechuchumaa anafunga mtungi kwa kamba, ameiuma ncha ya kamba kwa meno. Sheria haikuwa imetukataza kitu. Ila katika nyumba ile, tangu niolewe, sikuwahi kuona wanawake watatu wamekaa kula kwa wakati mmoja.

Nilimpelekea Sostenes habari mwenyewe. Siyo mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuna kidevu, akampigia Mwalimu kuhakikisha, akarudi akasema, "Kumbe ni kweli." Kisha akauliza swali lililokuwa linamsumbua. "Sasa nani atapakua?"

Sabato ya kwanza tulijaribu, na tuliharibu wenyewe. Tulikaa watatu kwenye mkeka, wanaume wawili kwenye viti vyao, Mama akaubariki mkate akaukata. Nikajisemea, leo ndiyo leo. Mara Sostenes akaishiwa mboga, Mama huyo. Mzee Marcel akataka maji, Mama huyo. Wakaja wajukuu wa jirani kusalimia, Mama akawagawia mkate, kama kawaida yake, akarudi akakaa akamalizia ugali. Tulipomaliza kula nikamwambia, haya mama, tualike. Akafungua mdomo. Sostenes, bila ubaya kabisa, akauliza, "Mama Magesa, mkate ulikula?"

Akatazama mikono yake. Hakuwa amekula. Aliugawa wote, hata kile kipande cha kwanza alichojikatia yeye. Alikanda mkate ule, akauoka, akaubariki, akautoa wote, na tumboni mwake kulikuwa na ugali mtupu.

"Sikukumbuka," akasema. "Nilimpa yule mtoto."

Hakulia. Angelia ningepata nafuu. Aliinuka akakusanya vyombo, na mimi niliingia chumbani nikaukaba mto, nina hasira hata sijui za nani. Za Sostenes na mboga yake? Za watoto? Za Mama mwenyewe? Mtu gani hawezi kujilisha kipande cha nusu yai?

Wiki ile nilikuwa mkali kama afisa wa jeshi. Jumamosi, kabla hatujakaa kula, nilipanga masufuria yote nyuma ya viti vya wanaume, mtungi wa maji katikati yao, vijiko, sahani za akiba, kila kitu mkono ufike. Agatha alicheka akasema, "Umewajengea ghala." Mama nilimkalisha ukutani kabisa, mimi huku, Agatha kule, ili akitaka kutoka atuvuke. Akaniambia amechoka kabla hata ya kuanza, kwamba kukaa kunamchosha kuliko kusimama, kwa sababu akikaa magoti ndiyo yanakumbuka kuuma.

"Yaume," nikamwambia. "Leo yaume umekaa."

Tulinawa, akaubariki mkate, akakata, na safari hii nilimkazia macho mpaka akatia kipande mdomoni. Kidogo, kama cha kuonja. Agatha naye akala, mimi nikala. Sostenes akaita, "Mama Magesa, mboga!" Bega la Mama likainuka. Nikaweka mkono wangu kwenye paja lake.

"Baba, sufuria liko nyuma yako," nikasema.

Akageuka akalitazama lile sufuria kana kwamba limeingia lenyewe. Akapakua. Akampakulia na Mzee Marcel, akamwaga mchuzi kwenye kanzu, hakuna aliyeinuka. Ilikuwa kazi, nakwambia. Tulikaa tumekakamaa kama watu waliokatazwa kutikisika. Lakini tulikaa. Mkate ukaenda ukiisha, kikabaki kipande kimoja mbele ya Mama, kinene, kile cha pembeni chenye ganda. Alichokula mpaka hapo hakikufika nusu yai, nilikuwa nakipima kwa macho. Nikamsogezea kipande kile.

Ndipo pikipiki ikaunguruma uani.

Nikajua kabla sijamuona. Magesa! Mume wangu, ambaye tulimtarajia Jumapili, alikuwa amewahi siku nzima, kwa sababu gari alilolipata lingepitia Tinde kwanza, naye aliona bora atangulie kwa pikipiki aje kusaidia kufunga mizigo. Aliingia na vumbi lote la barabara, kofia ya pikipiki mkononi, akachuchumaa mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umefika?"

"Nimefika."

Sostenes aliruka kwenye kiti. Wala hakukumbuka kumuuliza mtu huyu amepanda pikipiki siku ya Sabato kwa sheria gani. Alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole, anacheka peke yake. "Wa tatu huyu hapa! Mtoto wa Benedict mwenyewe! Mama Magesa, Mungu amekusikia. Si ulitaka mwaliko? Mpe mkate, kipande tu, tutimie tualike kama zamani."

Mzee Marcel, aliyeelezwa kwa kupigiwa kelele sikioni, akapiga makofi. Agatha akaniangalia. Mimi nilimchukia mume wangu dakika ile, Mungu anisamehe, na mtu mwenyewe hakuwa na kosa, alikuwa pale mlangoni hajui chochote, midomo imekauka.

Na walikuwa na haki. Hicho ndicho kilichoniudhi zaidi. Mama alitaka kuusikia mwaliko. Wanaume watatu wangealika, yeye angeitikia, na angeondoka Didia amesikia. Wala sheria haikuwa na neno.

Mama akakichukua kile kipande. Akamtazama mwanawe.

"Umekula nini njiani?"

"Sijala kitu mama, tangu nimeamka."

Basi, nikasema moyoni, imekwisha. Mkono ule naujua. Umelisha watoto, umelisha wageni, umelisha wapita njia kutoka mnadani, haujawahi kukosea njia. Ulikuwa umeshainuka na mkate kuelekea mlangoni. Ukasimama hewani. Mama alikuwa anahema kama aliyepanda mlima.

"Ugali upo, baba," akasema. "Na maharage. Sufuria liko nyuma ya Baba Sostenes. Kapakue."

Akatia mkate mdomoni.

Magesa alibaki ameshika kofia yake. Nadhani katika maisha yake yote hakuna sahani aliyowahi kujipakulia mbele ya mama yake. Sostenes akasema taratibu, karibu kwa kubembeleza, "Mama Magesa, mtoto ana njaa."

"Ndiyo maana nimemwonyesha ugali."

Akatafuna. Alitafuna polepole, mashavu yote mawili, machozi yanamtoka na hayafuti. Nusu ya kipande, kisha nusu ya pili. Halafu akaacha kutafuna, akakunja uso.

"Rebeka. Mkate huu una chumvi."

Nikamtazama Agatha. Agatha akatazama dari.

"Ndiyo mama," nikasema.

"Nyingi."

"Nyingi, mama."

"Tangu lini?"

"Mimi niliukuta hivyo hivyo."

"Tangu enzi za marehemu," Agatha akasema, na hapo kicheko kikamshinda, akalala ubavu kwenye mkeka anashika tumbo. "Tangu mwanzo, Mbuke! Tulidhani ndivyo unavyoupenda!"

"Na mnakula tu!" Mama akasema. "Watu wazima, mnakula tu!" Lakini naye alikuwa anacheka, anacheka na machozi yale yale, na alimeza kipande cha mwisho chote, na chumvi yake.

Magesa alijipakulia ugali. Alikaa chini karibu na Mzee Marcel akala kimya, haraka, kama wanavyokula machimboni. Alipomaliza, Sostenes alikuwa bado ananitazama kana kwamba kuna kitu nimemwibia. Nikamwambia Mama, "Haya."

Alijifunika vizuri kitenge begani. Akanitazama mimi, akamtazama Agatha.

"Wenzangu, tubariki."

Tukamwitikia, jina la Mungu lihimidiwe sasa na siku zote. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Mama naye akalirudia, kisha akasema, "Kwa idhini yenu..."

"Haya, ruhusa," Sostenes akasema kutoka kwenye kiti chake. Nadhani alitaka amani.

Mama akamgeukia. Hakukasirika. Alikuwa amechoka, sauti yake yote ilikuwa uchovu mtupu.

"Wabeja, baba, asante. Ila nawauliza hawa."

Sostenes akafunga mdomo. Mimi na Agatha tukasema tumeridhia. Na Mama akaendelea, sauti inakatika, anaukumbuka mwaliko ambao aliusikia kwa mumewe maisha yake yote akiwa amesimama. Tumbariki yeye ambaye tumekula vilivyo vyake. Tukamwitikia: abarikiwe yeye ambaye tumekula vilivyo vyake, na kwa wema wake tunaishi. Nilisikia sauti nyingine ya chini inaitikia pamoja nasi. Ilikuwa ya Sostenes. Kama inaruhusiwa au hairuhusiwi sikumuuliza Mwalimu, na sitamuuliza.

Tukaisema sala ndefu mpaka mwisho. Mama alikosea mahali, Agatha akamkumbusha, tukaenda.

Tulipomaliza nilianza kukusanya sahani, Agatha akainua mkeka upande wake. Mama hakuinuka. Alikaa vile vile, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele, mikono imelala mapajani viganja juu. Kikombe cha Mzee Marcel kilianguka karibu naye kikabiringika mpaka kwenye mguu wake. Hakukiokota.

Magesa akaogopa. Akaja akapiga magoti mbele yake, akamshika paji la uso.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi," akasema. "Nimeshiba."